Las Vegas kwa jicho la mazingira: maji wanayajua, joto bado linawashinda

Ukiingia bafuni katika hoteli za Strip, ule mtaa mrefu wa kasino wa Las Vegas, mara nyingi utakuta kadi inayokuomba utundike taulo na ulitumie tena ili kuokoa maji ya jangwani. Ombi ni jema, lakini linakupeleka kusiko. Maji yanayopita kwenye sinki, bafu, choo na mashine ya kufulia katika jiji hili hukusanywa, husafishwa na kurudishwa Ziwa Mead yalikotoka. Mamlaka ya maji hutaja asilimia 99. Yanayopotea ni yale yanayopanda hewani: kupitia nyasi, mabwawa ya kuogelea na minara inayopoza viyoyozi vya majengo makubwa.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama Las Vegas inastahili sifa yake mpya ya jiji linalotunza mazingira, au lawama ya zamani ya jiji la anasa lililojengwa mahali pasipo na maji, aulize swali moja kwa kila anachokiona: maji haya yanaingia kwenye bomba la majitaka, au yanakwenda angani? Kwa kipimo hicho huduma ya maji ya Las Vegas inapata alama za juu kabisa. Umeme umepiga hatua lakini una mapengo yake usiku. Joto, magari na upanuzi wa jiji ndivyo vinavyoishusha.

Mgao mdogo uliozaa ufundi

Jina Las Vegas ni la Kihispania na maana yake ni malisho. Palikuwa na chemchemi kweli, na ndizo zilizofanya reli iweke kituo hapo mwaka 1905. Visima vilichimbwa, maji yakavutwa bila kiasi, na kufikia 1962 chemchemi zilikuwa zimekauka. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 106. Leo karibu asilimia 90 ya maji ya bonde hilo, lenye watu zaidi ya milioni 2, hutoka Mto Colorado kupitia Ziwa Mead, nyuma ya bwawa la Hoover.

Mgao wa mto huo uliwekwa wakati Las Vegas ilikuwa mji mdogo wa reli wenye watu elfu chache. Sheria ya 1928 iliipa Nevada futi-ekari 300,000 kwa mwaka, yaani uniti milioni 370. (Uniti hapa ni ileile ya bili ya maji, lita 1,000.) Arizona ilipata uniti bilioni 3.45 na California bilioni 5.4. Wilaya moja tu ya umwagiliaji ya California, Imperial, ina haki ya maji zaidi ya mara kumi ya mgao wa Nevada nzima. Ukisikia mtu akisema taa na chemchemi za Las Vegas ndizo zinazomaliza Colorado, mkumbushe hesabu hiyo. Mto huo unanywewa zaidi na mashamba, hasa ya majani ya mifugo, kuliko na kasino zote zikijumlishwa.

Ufundi wenyewe ni wa hesabu ya kurudisha. Kila uniti ya majitaka yaliyosafishwa inayorudi Ziwa Mead huipa Nevada haki ya kuvuta uniti nyingine juu ya mgao wake. Tuseme mtaa umevuta uniti 100. 40 zimeingia kwenye mabomba ya majitaka na 60 zimemwagwa bustanini. Zinazokatwa kwenye mgao ni zile 60 tu. Mitambo ya kusafisha majitaka ya kaunti, ya jiji la Las Vegas, na ya miji jirani ya Henderson na North Las Vegas hupeleka maji yake kwenye mkondo uitwao Las Vegas Wash, wenye urefu wa kilomita kama 19, unaomwaga ziwani.

Ndiyo maana kuoga kwa muda mrefu hotelini hakupunguzi ziwa. Kunachopunguza ni nishati, na hapo kadi ya taulo ingesema kweli. Kuinua uniti moja ya maji mita 300, kimo kinachokaribia tofauti kati ya ziwa na jiji, kunahitaji zaidi ya kilowati-saa 0.8 hata kama pampu isingepoteza nguvu yoyote. Kupasha uniti hiyohiyo kwa nyuzi 30 kunahitaji karibu kilowati-saa 35. Taulo lisilofuliwa linaokoa gesi ya kupashia maji, sabuni na kazi ya mashine. Hoteli ingeandika hivyo kwenye kadi, mgeni angeelewa anachookoa.

Mfumo huu una mahali unapovuja. Nyumba zenye shimo la majitaka uani hazirudishi chochote ziwani. Maji yao huishia ardhini, na sheria ya jimbo ya 2023 imeanza kuzisukuma ziunganishwe na bomba la umma. Chumvi ni tatizo la kudumu: kila mzunguko wa kutumia na kusafisha huongeza madini, kwa sababu mitambo ya kawaida huondoa uchafu na vijidudu, haiondoi chumvi iliyoyeyuka. Na mkondo wenyewe uliwahi kuwa jeraha. Maji mengi ya majitaka yalipoanza kupita kwenye ardhi ya mchanga, yalichimba kingo na kubeba udongo hadi ziwani, na eneo la majimaji lililokuwa hapo likatoweka kwa sehemu kubwa. Tiba ilikuwa kujenga vizingiti vya mawe na zege kuvuka mkondo, zaidi ya 20, ili maji yashuke ngazi kwa ngazi badala ya kukimbia. Mwaka 1997 iligunduliwa pia kwamba pakloreti, kemikali ya mafuta ya roketi iliyotengenezwa Henderson, ilikuwa ikichuruzika ardhini hadi kwenye mkondo huo na kuingia Colorado. Kazi ya kuivuta na kuisafisha imeshusha kiasi chake sana, lakini haijaisha. Wanaolisifia jiji bila kulitaja hilo wanatoa nusu ya habari.

Mrija wa tatu

Southern Nevada Water Authority, mamlaka iliyoundwa 1991 kuunganisha kampuni za maji zilizokuwa zikigombania mgao, ilifanya jambo ambalo miji mingi huahirisha hadi maafa: ilijenga kabla ya kukaukiwa. Kuanzia 2000 Ziwa Mead lilishuka kwa zaidi ya mita 50, na Julai 2022 lilifika kiwango cha chini kabisa tangu lilipokuwa likijazwa miaka ya 1930. Utepe mweupe unaouona kwenye miamba yake ni chokaa iliyoachwa na maji yalipopungua.

Mlango wa kwanza wa kuvutia maji uliachwa wazi hewani mwaka 2022. Jiji halikukosa maji hata siku moja, kwa sababu mlango wa tatu, ulio chini kabisa ya ziwa na wenye handaki la karibu kilomita 5, ulikuwa umekamilika 2015, na kituo kipya cha pampu kikamalizika 2020. Kituo hicho kina pampu 34 zilizoshushwa kwenye visima vyenye kina cha mita 150 hivi. Kinaweza kuvuta maji hata ziwa likishuka chini ya kiwango ambacho bwawa la Hoover haliwezi tena kupitisha maji kwenda Arizona na California. Vyote viwili viligharimu zaidi ya dola bilioni 1.3, na mfanyakazi mmoja alipoteza maisha handakini mwaka 2012. Ni gharama kubwa, na tunaiona ni halali. Mteja wa maji analipia uhakika, na hapa uhakika upo.

Tumepunguza alama mahali pamoja. Kwa miaka 30 hivi mamlaka na waliotangulia waling'ang'ania mpango wa bomba la kilomita mamia kwenda mabonde ya mashariki ya Nevada kuvuta maji ya ardhini. Wafugaji, wanamazingira na jamii za wenyeji wa asili za Goshute na Shoshone walipinga, wakisema chemchemi zao zingekufa kama za Las Vegas zilivyokufa. Mpango uliachwa 2020. Uliachwa kwa kushindwa mahakamani na kwa sababu ya akiba iliyopatikana mjini, na wenyeji wa mabonde hayo ndio wanaostahili shukrani ya kwanza.

Nyasi: kazi iliyofanywa vizuri kuliko zote

Mita moja ya mraba ya nyasi za bustani Las Vegas hunywa karibu lita 3,000 kwa mwaka. Mvua huleta 106. Eneo hilohilo likipandwa mimea inayovumilia ukame na kumwagiliwa kwa matone hutumia kama lita 730. Tofauti yake ni zaidi ya madumu 110 ya lita 20, kwa kila mita ya mraba, kila mwaka, na yote yangepanda hewani.

Tangu 1999 mamlaka imekuwa ikimlipa mwenye nyumba au biashara fedha taslimu kwa kila futi ya mraba ya nyasi anayoing'oa. Kiwango kimebadilika mara nyingi. Kwa miaka kadhaa kilikuwa dola 3 kwa futi ya mraba, baadaye kikaongezwa, kwa hiyo kagua kiwango cha sasa kabla ya kupiga hesabu. Zaidi ya mita za mraba milioni 18 zimeondolewa, ukubwa unaozidi viwanja 2,500 vya mpira. Nyumba mpya zimekatazwa nyasi za mbele tangu 2003. Sheria ya jimbo ya 2021 imeenda mbali zaidi: kuanzia mwaka 2027 ni marufuku kutumia maji ya Colorado kumwagilia nyasi za mapambo kwenye maofisi, maduka, njia za kuingilia mitaa na katikati ya barabara. Viwanja vya michezo na nyua za nyumba za familia moja hazimo katika marufuku hiyo. Kipimo cha maafisa kinaeleweka: kama mtu pekee anayekanyaga nyasi hizo ni yule anayezikata, ziondoke.

Kwa Waswahili wanaoishi huko na wenye ua wa nyasi, utaratibu wenyewe ni huu, na kila hatua ina kosa lake la kawaida.

Omba kabla hujang'oa. Mkaguzi lazima akute nyasi zikiwa hai. Anayeziacha zikauke kwanza ili arahisishe kazi hujikosesha malipo.

Chora mpango ambao mimea yake, ikishakomaa, itafunika angalau nusu ya eneo. Sharti hili ni la msingi. Ua uliojazwa kokoto tupu huhifadhi joto la mchana na kulitema usiku kwenye madirisha ya nyumba, kisha bili ya kiyoyozi inameza ulichookoa kwenye maji.

Ziue nyasi kwa wakati wake. Aina moja ya nyasi za kule ni ukoka, na yeyote aliyewahi kulima anaujua ukoka. Majira ya baridi hugeuka kahawia ukadhani umekufa, kumbe mizizi imelala. Dawa ya kuua magugu haifanyi kazi wakati huo kwa sababu mmea hauifyonzi. Subiri joto, mwagilia mpaka uchipue vizuri, ndipo upige dawa au uchimbe mizizi yote. Rudia kwa machipukizi yatakayofuata. Wanaofunika ukoka kwa kokoto tu huuona ukitoboa msimu wa pili.

Weka mfumo wa matone wenye kichujio, kidhibiti cha presha na vitoa matone visivyozidi lita 75 kwa saa. Bila kidhibiti, presha ya bomba la nyumba hufyatua vitoa matone kutoka kwenye mipira. Karibu bar 2 zinatosha. Bila kichujio, chokaa na mchanga huziba matundu. Hata kwa kichujio, maji ya huko ni magumu, kwa hiyo fungua ncha za mipira na usukume uchafu nje kila mwanzo wa majira ya joto, na ubadilishe vitoa matone vilivyoziba badala ya kuvitoboa kwa sindano. Mwishoni tandaza changarawe au vipande vya mbao unene wa sentimita 5 au zaidi, na usiweke karatasi ya plastiki chini yake, maana hewa na maji havitapita.

Kosa kubwa kuliko yote ni miti. Mti uliokulia katikati ya nyasi ulizoea mvua ya kinyunyizio, na mizizi yake imetambaa karibu na uso wa ardhi. Nyasi zikiondolewa, mti nao unakatiwa maji bila mtu kukusudia. Wengi huweka kitoa matone kimoja au viwili kwenye shina, mahali ambapo mizizi ya kunywa haipo, na baada ya kiangazi kimoja au viwili mti unakauka kuanzia juu. Inatakiwa vitoa matone vizungushwe chini ya ukingo wa matawi, visogezwe nje kadiri mti unavyokua, na maji yaachwe yatiririke kwa saa nyingi mpaka yashuke sentimita 60 hivi ardhini, kisha mti upumzishwe siku kadhaa. Mpango wa jiji wa kuondoa nyasi ni mzuri, ila ulinzi wa miti ya zamani umekuwa ukifuata nyuma, na mti wa kivuli uliofia jangwani haurudi kwa miaka 20. Hapo mamlaka ilipaswa kuwa kali tangu mwanzo.

Ratiba ya kumwagilia nayo inabana kila mtu: siku moja kwa wiki kuanzia Novemba hadi Februari, tatu kwa wiki majira ya kati, na kiangazi siku yoyote isipokuwa Jumapili. Kuanzia Mei hadi mwisho wa Agosti vinyunyizio vimekatazwa kati ya saa tano asubuhi na saa moja jioni. Anayeacha maji yatiririke barabarani hupigwa picha na kutozwa faini ndani ya bili, na faini hupanda kila akirudia. Mabwawa mapya ya nyumbani hayaruhusiwi kuzidi mita za mraba 56 hivi tangu 2022, na ukijua kwamba Ziwa Mead lenyewe hupoteza karibu mita 2 za kina kila mwaka kwa mvuke, utaelewa sababu.

Matokeo yanaonekana. Mwaka 2023 kusini mwa Nevada ilitumia, baada ya kuhesabu yaliyorudishwa, uniti milioni 232 hivi, chini ya theluthi mbili ya mgao wake, ingawa wakazi wameongezeka kwa mamia ya maelfu tangu 2002. Miji mingi yenye mvua mara kumi ya hiyo haijafanya hivyo.

Viyoyozi vinavyokunywa maji

Baada ya bustani, upoozaji wa majengo ndio unaofuata kwa kupoteza maji. Hoteli kubwa hutoa joto kupitia minara ambamo maji hunyunyizwa na feni huyageuza mvuke. Lita moja ikigeuka mvuke hubeba joto la kama kilowati-saa 0.67. Jengo linalolazimika kutupa joto la megawati 12 alasiri ya Julai hupoteza hivyo karibu uniti 18 kila saa. Mvuke huacha chumvi nyuma, na maji ya huko yana chumvi tayari, kwa hiyo fundi analazimika kumwaga sehemu ya maji mazito na kuongeza mapya, la sivyo mabomba huganda chokaa. Yanayomwagwa huenda kwenye majitaka na kurudi ziwani pamoja na chumvi zake.

Kuanzia 2023 majengo mapya ya biashara katika sehemu kubwa ya bonde yamezuiwa kutumia minara ya aina hiyo. Wahandisi wengi walilalamika, na hoja yao ina uzito: kupooza kwa hewa kavu, nje kukiwa nyuzi 45, kunakula umeme zaidi. Hata hivyo uamuzi ulikuwa sahihi. Umeme wa ziada unaweza kupatikana kutokana na jua lilelile linaloleta joto. Maji ya ziada hayana pa kutoka. Tatizo ni kwamba minara ya zamani juu ya hoteli za Strip inaendelea kufanya kazi, na hakuna kadi bafuni inayoitaja.

Chemchemi za hoteli ya Bellagio, ambazo watalii wengi huzinyooshea kidole, hazistahili lawama hiyo. Zina mirija zaidi ya 1,200 katika ziwa la kutengeneza lenye ukubwa wa hekta 3 na zaidi, na hupoteza kama uniti 45,000 kwa mwaka, maji ya kisima chenye haki ya zamani iliyokuwa ikimwagilia uwanja wa gofu. Viwanja viwili vya mpira vilivyooteshwa nyasi vingekunywa karibu kiasi hicho.

Umeme: mzuri mchana

Watu wengi huamini taa za Strip huwashwa na bwawa la Hoover. Sehemu kubwa ya umeme wa bwawa hilo huenda California na Arizona. Nevada hupata chini ya robo. Kwa miongo mingi jiji lilitegemea makaa ya mawe na gesi. Mtambo wa makaa wa Reid Gardner, uliokuwa ukimwaga vumbi na moshi jirani na kijiji cha Wapaiute wa Moapa, ulifungwa 2017 baada ya wanakijiji kupaza sauti miaka mingi kuhusu afya zao. Leo gesi ndiyo inayobeba sehemu kubwa, na sheria ya jimbo inadai nusu ya umeme unaouzwa itoke kwenye vyanzo visivyokwisha ifikapo 2030.

Serikali ya jiji ilitangaza Desemba 2016 kwamba majengo yake, taa za barabarani na mitambo yake yote inatumia umeme wa vyanzo hivyo pekee. Soma tangazo hilo kwa makini: linahusu serikali ya jiji. Strip yenyewe haiko ndani ya mipaka ya jiji la Las Vegas, iko kwenye eneo la kaunti. Kasino hazimo.

Upande wa hoteli, MGM Resorts ililipa karibu dola milioni 87 mwaka 2016 ili iruhusiwe kuacha kununua umeme wa kampuni ya jimbo. Ina paneli zaidi ya 26,000 juu ya paa la ukumbi wa mikutano wa Mandalay Bay, zenye uwezo wa megawati 8.3, na tangu 2021 inanunua umeme wa shamba la jua la megawati 100 kaskazini mwa jiji. Wakati huo kampuni ilisema shamba hilo linaweza kutoa hadi asilimia 90 ya umeme wa mchana wa majengo yake 13. Neno la kushika hapo ni mchana. Las Vegas huuza usiku, na usiku wa Julai viyoyozi havilali. Mpaka betri zibebe saa hizo, mgeni anayecheza saa sita za usiku anawashiwa kwa kiasi kikubwa na gesi. Mashamba ya jua nayo huchukua makazi ya kobe wa jangwani, ambao huokotwa na kuhamishiwa kwingine, na si wote wanaoishi baada ya kuhamishwa.

Mabaki ya chakula ni sehemu inayostahili pongezi za haraka. Kwa miongo mingi masalia ya bafe za Strip yamekuwa yakipelekwa kwa wafugaji wa nguruwe kaskazini mwa bonde, yakichemshwa kwanza nyuzi 100 kwa dakika 30 kama sheria ya taifa inavyodai. Ni kazi chafu isiyo na matangazo, na inafanya zaidi ya mirija mingi ya karatasi kwenye vinywaji.

Joto na magari

Tarehe 7 Julai 2024 jiji lilifika nyuzi 48.9, rekodi yake. Mwaka huo kaunti ilihesabu vifo zaidi ya 500 vilivyohusishwa na joto. Waliokufa ni wazee wenye viyoyozi vibovu, watu wasio na makazi, na wanaofanya kazi juani. Lami na zege ambazo jiji linaendelea kumwaga kuelekea jangwani huzuia usiku kupoa. Na hapa akiba ya maji inageuka: kila uniti inayookolewa hutoa nafasi ya kujenga nyumba nyingine pembezoni, mbali na basi, yenye magari mawili. Mamlaka ya maji itasema mipango ya ardhi si kazi yake. Kwa karatasi ni kweli, lakini mkazi anayevuta hewa hiyo anaishi kwenye jiji moja.

Treni ya abiria haijafika Las Vegas tangu 1997. Reli mpya ya mwendo kasi kuelekea kusini mwa California ilianza kujengwa 2024. Wageni karibu milioni 40 kwa mwaka huja kwa ndege na gari, na hakuna taulo linalofuta moshi huo.

Kwa anayekwenda

Wanaofuata maonyesho makubwa ya teknolojia ya Januari watakuta baridi ya kuhitaji sweta, na huo ndio msimu ambao mgeni analigharimu jangwa kidogo zaidi. Basi liitwalo Deuce hupita Strip saa 24. Treni ya reli moja ina vituo saba upande wa mashariki na haifiki uwanja wa ndege. Maji ya bomba ni salama. Yana chokaa kama miligramu 280 kwa lita, kwa hiyo ladha yake ni nzito na birika litaota utando mweupe. Yapooze kwenye jokofu, na beba chupa yako badala ya kununua za plastiki ambazo hotelini huuzwa kwa bei ya kuumiza. Kiangazi usitoke kutembea kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni bila maji na kofia. Umbali kati ya hoteli mbili huonekana mfupi kwa sababu majengo ni makubwa mno.

Ukipata nusu siku, acha kasino uende Clark County Wetlands Park, mashariki mwa bonde. Kuingia ni bure na njia zake ni tambarare. Nenda alfajiri, ndege wakiwa wengi. Utakuta mto unaotiririka mwaka mzima kati ya matete, korongo wamesimama vizingitini, na jangwa kavu pande zote mbili. Karibu maji yote unayoyaona yalipita jana au juzi kwenye sinki na mabafu ya hoteli, na kabla ya jua kuwa kali yatakuwa yanaelekea ziwani. Usiogelee humo wala kunywa: yamesafishwa kwa kiwango cha kurudi Ziwa Mead, na kutoka huko bado yana safari ya mitambo ya ozoni na klorini kabla ya kufika kwenye bomba.